Yule fundi wa simu amefuta seva yetu yote ya simu halafu akaniuliza "kwani mlikuwa mnazitumia?"

WayaTupu:
Ninaandika mikono ikitetemeka, kwa hivyo asije mtu hapa kunisahihisha herufi.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa begi la mgongoni na bisibisi nyuma ya sikio, ameshapita kila ofisi kuanzia Kirinyaga Road hadi Industrial Area, na kila alikopita watu husimulia wameshika kichwa. Leo ilikuwa zamu yetu.

Aliitwa kwa sababu ya simu MOJA. Ya mhasibu. Ilikuwa inakwaruza ukiongea. Kazi ya kubadilisha waya, basi. Waya! Akaingia kwenye chumba cha seva, ile mashine inayogawa simu za ofisi nzima, akafunga mlango kwa ndani, akakaa humo hadi chai ikaja ikaisha. Akatoka anajipangusa mikono, tabasamu kutoka sikio hadi sikio: "Madam, nimewarudishia ikiwa safi kabisa, vile ilitoka kiwandani."

Vile ilitoka kiwandani! Kiwandani walijua ekstensheni ya stoo, ile namba yake ya ndani? Kiwandani walijua kwamba wadai wa bosi wakipiga wanapelekwa kusikiliza muziki hadi wachoke? Kiwandani kulikuwa na sauti ya yule mama wetu wa mapokezi aliyestaafu akarudi Murang'a, "Karibu mpendwa, kwa vipuri vya magari madogo bonyeza moja"? Kuna wateja walikuwa wanapiga wamsikie tu wakate.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, sikuwa nimeelewa bado: "Na namba zetu ziko wapi?"

Akaniangalia. Akasema: "Kwani mlikuwa mnazitumia?"

Nairudia kwa waliochelewa. KWANI. MLIKUWA. MNAZITUMIA.

Duka la vipuri! Kirinyaga Road! Zile simu hulia tangu asubuhi hadi jioni, kasuku wa jirani ameshajua kusema "bei ya mwisho ni hiyo". Na huyu amesimama katikati ya simu zote zimekufa taa, anauliza kama tulikuwa tunazitumia.

Nikauliza bakapu, yaani nakala ya akiba. Akasema ipo, nisijali. Ipo wapi? Ndani ya hiyo hiyo seva aliyofuta.

Sasa ukipiga namba yetu ya 020, tuko mteja, hatupatikani. Bosi yuko Mombasa, amepiga akakosa, akanitafuta kwa simu yangu kuuliza kama kanjo wametufungia. Hata saa imeturudisha nyuma: ni saa nne asubuhi, seva inasema ni saa moja. Na jamaa bado yuko mlangoni anangoja nauli.

Kwani mlikuwa mnazitumia. Mimi!

Kunguru_wa_Ngara:
Huyo bado yuko hai? Alikuja kwetu kutengeneza printa, tukakaa bila stima hadi jioni. Printa yenyewe hakuigusa.

NjuguZaMoto:
Nani bado ana simu za mezani? Andikeni namba ya mkononi kwa ubao muendelee na maisha.

WayaTupu:
Njugu, huyu anataka mhasibu, yule anataka stoo, mwingine anataka bosi. Nipande na kushuka ngazi nimebeba simu moja kama mwenge?

NjuguZaMoto:
Utapungua mwili. Hilo nalo ni malalamiko?

BabaEkstensheni:
Madam, acha hasira kidogo. Seva ni gani? Kama ni Asterisk, ile programu inayoendesha simu, na juu yake kuna FreePBX, yaani kurasa za kuipangia, mipangilio mingi inakaa kwenye hifadhidata ya MariaDB. Lakini ujumbe wa sauti unakaa /var/spool/asterisk/voicemail, na simu zilizorekodiwa ziko /var/spool/asterisk/monitor. Kama alifuta mipangilio tu bila kuipiga diski fomati, huenda faili hizo bado zipo. ZIMA HIYO MASHINE haijaanza kuandika juu yake.

Kuisafisha seva ya simu si dhambi. Mimi huifanya hiyo kazi, hasa mashine ikihamia kwa mteja mwingine. Lakini kwanza unashusha bakapu kwenye fleshi na unatoka nayo mfukoni. Unaandika jina na pasiwadi ya laini mliyopewa na kampuni ya simu, maana hiyo ikipotea hata simu moja haiingii. Unaorodhesha ekstensheni na MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa, ya kila simu ya mezani. Unahifadhi zile sauti za makaribisho. Ndipo unagusa kitufe. Na kuna mashine zinazokuuliza kabisa: nifute data za watumiaji tu, au nifute vyote?

WayaTupu:
Alifuta VYOTE. Halafu ndipo AKAULIZA kama tulikuwa tunazitumia. Mtu huuliza kabla!

MamaSukuma:
Tumesikia dada. Kunywa maji.

BabaEkstensheni:
Jambo lingine, na hili ni la leo, si la kesho. Seva ikirudi ilivyotoka kiwandani, mara nyingi inarudi na pasiwadi ya kiwandani. Kama mlango wa 5060, ule wa mtandao ambao seva hupokelea simu, uko wazi kwa intaneti, kuna roboti zinazozunguka usiku kucha zikijaribu kuingia. Zikiingia zinapiga namba za ng'ambo za bei mbaya, na bili inakuja kwenu. Ukiwasha tena, pasiwadi kwanza, na huo mlango ufungwe kwenye rauta.

NjuguZaMoto:
Sasa angalau kuna mtu atazitumia.

Kunguru_wa_Ngara:
Njugu 😂😂 utapigwa.

Msomi_wa_Kariobangi:
Mnajua Asterisk ilianzaje? Mwaka wa 1999, kijana Mmarekani aitwaye Mark Spencer alihitaji mashine ya simu kwa ofisi yake, akaona bei hawezi, akaketi akaandika programu yake mwenyewe. Yeye alikosa pesa akaunda. Sisi tunazo, tunamlipa mtu aje afute.

Kunguru_wa_Ngara:
Mwalimu, hakuna aliyeuliza.

WayaTupu:
Sijamlipa! Nauli hakupata!

JiraniMbaya:
Afadhali nyinyi, simu hurudi. Sisi huku Umoja ploti iliibiwa, tukaita fundi wa kamera atutolee video ya usiku ule. Akaipiga diski fomati, eti "ilikuwa imejaa, nimewapatia nafasi". Tena alisema kwa kujivuna. Mwizi akijua atamtumia Krismasi.

MamaSukuma:
Kamera ni nini wewe. Kayole, keateka wetu aliambiwa tangi lisafishwe. Hakuambiwa lini. Akafungua bomba Jumamosi maji yote yakaenda, na huku maji huja Alhamisi. Ploti nzima tulienda kanisani tumejipaka mafuta juu ya vumbi.

WayaTupu:
Jamani, uzi ni wa simu. Mashine nimeizima. BabaEkstensheni, kesho asubuhi unapatikana?

NjuguZaMoto:
Mama, hayo maji yalielekea wapi?

MamaSukuma:
Kwa jirani wa chini, anayeuza makaa. Anatudai hadi leo.

JiraniMbaya:
Ngoja kwanza. Huyo keateka wenu ni mrefu, hutembea na redio?

MamaSukuma:
Redio ya kijani. Hata chooni anaingia nayo.

JiraniMbaya:
Ndiye aliyemleta yule fundi wa kamera!