Nawezaje kuandika maelezo ya daftari la kushona kwa mkono ili mtu alitengeneze bila mimi kuwepo?

Uzi_na_Nta:

Wakuu, heshima zenu.

Nashona vidaftari vya mkononi. Karatasi nyeupe za kawaida za A4, uzi wa pamba, jalada la kadibodi lililovikwa karatasi ya mapambo. Sina mashine. Rula, kisu cha karatasi, shazia na kipande cha nta ndivyo vyombo vyangu vyote. Ni kazi ndogo lakini naipenda sana, hasa pale uzi unapokazwa na karatasi zilizokuwa zinateleza huku na huku zinashikana zikawa kitu kimoja.

Sasa nimejiunga na kundi la watu wa kazi za mikono. Wamo wanaofuma kwa kirosheti (sindano yenye kulabu), wanaokunja karatasi, wanaotengeneza shanga za udongo. Utaratibu wetu ni kwamba kila mmoja analeta kitu alichotengeneza pamoja na maelezo yake, ili anayetaka aende akajaribu mwenyewe. Picha ninazo. Kinachonikwamisha ni maelezo. Nikikaa kuandika najikuta nimejaza ukurasa mzima kuhusu kukata mstari ulionyooka, halafu mshono wenyewe, ambao ndio moyo wa kazi, naumaliza kwa sentensi mbili, kwa kuwa mikono inaujua kuliko mdomo.

Kwa hiyo nauliza: anayeishika kazi hii kwa mara ya kwanza anahitaji kuambiwa nini hasa, na nini niache? Pia nina jambo la ufundi. Majalada yangu yakikauka yanapinda kuelekea nje, upande wenye karatasi ya mapambo. Nataka nilimalize hilo kabla sijamfundisha mtu.

Shanga_Mbili:

Hongera kwa kazi, ndugu. Mimi nasema picha tatu nzuri zinatosha. Atakayevutiwa atauliza, nawe utamjibu kadiri anavyouliza. Maelezo marefu yanawatisha wanaoanza.

Mkunja_Pembe:

Shanga_Mbili, naomba nitofautiane nawe kidogo, maana sisi tunaokunja karatasi tunaishi kwa maelezo. Akira Yoshizawa wa Japani (1911–2005) alibuni njia ya kuchora hatua za kukunja kwa alama: vistari vilivyokatika kuonyesha mkunjo unaoingia kama bonde, kistari na nukta kuonyesha unaotokeza kama mlima, na mishale ya kuonyesha karatasi inaelekea wapi. Katika miaka ya 1960 Samuel Randlett na Robert Harbin wakaziongezea alama hizo na kuzieneza kwa wasomaji wa Kiingereza. Leo mimi nisiyejua hata herufi moja ya Kijapani nakunja umbo lililochorwa na Mjapani mpaka mwisho, na linatoka.

Kwa mshono wako ningefanya vivyo hivyo. Chora mgongo wa daftari kama mstari mmoja wa wima, weka nukta kwenye kila tundu na uyape matundu namba. Uzi unaopita nje uchore kwa mstari mzima, unaopita ndani uchore kwa mstari uliokatika. Mchoro mdogo namna hiyo utakupunguzia maneno mengi.

Mgongo_Imara:

Uzi_na_Nta, swali lako ni zuri na nitakaa nalo. Mimi nilijifunza kushona kwa kufumua vitabu vilivyochakaa: naangalia uzi ulipita wapi, kisha naurudisha njia ileile. Ndiyo maana naamini kwamba picha ya daftari lililofungwa, hata ikipendeza vipi, haimfundishi mtu kulitengeneza. Kinachofundisha ni tumbo lake. Fungua katikati, piga picha ya ndani, mshono na fundo vionekane. Hapo Shanga_Mbili na mimi tunaachana njia, ingawa nakubaliana naye kwamba maneno yasiyo na kazi yanamchosha anayeanza.

Tuanze na jalada, kwa sababu ukilielewa hilo utakuwa umepata nusu ya maelezo yako. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi ndogondogo ndani yake (si uzi wa kushonea), na nyingi kati yake zimelala upande mmoja. Karatasi ikilowa gundi, nyuzi hizo zinavimba kwa unene zaidi kuliko kwa urefu, kwa hiyo karatasi inatanuka kukatiza nyuzi. Ikikauka inarudi kusinyaa, lakini safari hii imekwisha kushikana na kadibodi, kwa hiyo inaivuta. Wewe umebandika upande wa nje tu, basi jalada linapinda kuelekea nje. Dawa yake ni kubandika karatasi nyingine upande wa ndani, nayo iivute kadibodi kwa nguvu ileile. Nyuzi za karatasi zote mbili na za kadibodi zilale sambamba na mgongo. Paka gundi nyembamba, ienee mpaka kwenye kingo, kisha weka jalada katikati ya karatasi kavu zinazonyonya maji, juu yake uzito, ulale usiku kucha. Zile karatasi za kunyonya zikiwa na unyevu, zibadilishe. Usilitoe jalada mapema eti kwa sababu linaonekana limekauka. Unyevu unabaki ndani ya kadibodi wakati juu pameshakauka.

Utajuaje nyuzi zimelala wapi? Kata kipande kidogo cha karatasi, ulowanishe upande mmoja. Kitajikunja kama mrija, na mrija huo umelala kufuata nyuzi. Kwa kadibodi, ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza upande huu kisha ule. Upande inakokubali kwa urahisi, mstari wa mkunjo unafuata nyuzi. Hili liandike kwenye maelezo yako bila kulionea haya. Wengi hawaambiwi, na wanabaki wakidhani mikono yao ndiyo mizito.

Jambo hilohilo linahusu karatasi za ndani. A4 nyingi za ofisini zina nyuzi zilizolala kufuata upande mrefu, ule wa milimita 297. Ukiikunja mara moja upate daftari la A5, mgongo unakatiza nyuzi: mkunjo unakuwa mgumu na kurasa zinasimama, hazitaki kulala. Lakini ukiikata A4 katikati upate vipande viwili vya A5, kisha ukakunja kila kimoja katikati, unapata daftari la A6, milimita 105 kwa 148, na nyuzi zinakuwa zimelala sambamba na mgongo. Kwa anayeanza ningeanza na hilo la A6. A4 nne zinatoa vipande 8 vya kukunja, yaani kurasa 32. Vipange kimoja ndani ya kingine, upate fungu moja.

Sasa mshono, ambao umesema unaumaliza kwa sentensi mbili. Jaribu kuuandika kama unamwambia mtu aliyefumba macho:

"Matundu ni matatu, yote kwenye mstari wa mkunjo. Kutoka juu, toboa kwenye milimita 20, 74 na 128. Tumia kipande cha karatasi chenye urefu wa mgongo kama kigezo, upige alama humo kwanza. Toboa kutoka ndani kwenda nje. Kata uzi wenye urefu wa mara tatu ya mgongo, sentimita 45 hivi, uupitishe kwenye nta. Anzia ndani: ingiza sindano tundu la kati, itokee nje, uache mkia wa uzi ndani. Ukiwa nje, panda hadi tundu la juu, ingia ndani. Ukiwa ndani, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, uliruke la kati, utokee nje. Ukiwa nje, rudi tundu la kati, ingia ndani. Sasa una ncha mbili ndani. Moja ikae kushoto kwa ule uzi mrefu, nyingine kulia. Vuta kufuata mgongo, si kuelekea kwako, kisha funga fundo juu ya uzi huo mrefu."

Angalia jinsi neno "ndani" na neno "nje" yanavyorudi kila mara. Mwalimu wa lugha angeyapunguza. Wewe usiyapunguze, kwa sababu mshonaji akipoteza upande alioko amepotea kabisa. Lile la kuvuta kufuata mgongo nalo lisikose, kwani ukivuta uzi kuelekea kwako unachana karatasi kwenye tundu.

Cha kuacha ni habari za kukata mstari ulionyooka. Sentensi moja inatosha: kisu kiwe kikali, rula iwe ya chuma, kata taratibu mara kadhaa badala ya kugandamiza mara moja, na vidole vya mkono unaoshika rula viwe mbali na njia ya kisu. Acha pia historia ya jinsi ulivyoanza. Iweke mahali pengine.

Kwenye picha, usitumie mwanga wa kamera. Weka kazi karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, ndipo uzi unapotoa kivuli na jicho linaona unavyopita. Tumia uzi wa rangi inayopingana na karatasi, hata kama daftari lako mwenyewe umelishona kwa uzi mweupe. Rula ionekane pembeni.

Kisha mpe maelezo hayo mtu ambaye hajawahi kushona, ukae naye, unyamaze kimya. Usimsaidie hata akikutazama. Popote mkono wake unaposita, sentensi yako ina upungufu hapo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko kushona kwenyewe, na ndiyo inayofanya maelezo yafae.

Fundo_Laini:

Mgongo_Imara amenigusa kwenye hilo la mshonaji kupotea. Kwetu kwenye kirosheti tuna tatizo la majina. Mshono ambao Wamarekani wanauita "single", Waingereza wanauita "double". Mtu akifuata maelezo bila kujua yameandikwa kwa mtindo upi, kitambaa kinatoka na kimo kingine kabisa. Kwa hiyo, kama mshono wako una jina, liandike, lakini weka na mchoro. Jina peke yake lisibebe mzigo wote.

Nina jingine ambalo halijaguswa. Ukishatoa maelezo kwa kundi, sema wazi watu waruhusiwe kufanya nini nayo. Hakimiliki inalinda maandishi na picha zako, lakini hailindi mbinu ya kushona yenyewe; mbinu inabaki ya wote. Ukiridhia watu wayasambaze, Creative Commons, shirika linalotoa leseni za kutumia bure, wana leseni zilizo tayari tangu mwaka 2002. Ipo inayodai jina lako litajwe tu, na ipo inayokataza pia matumizi ya kibiashara. Chagua moja uandike mstari mmoja mwishoni. Na ikiwa ulijifunza mshono huo kwa mtu au kwa maelezo ya mwingine, mtaje. Kutajwa kunampa mtu moyo wa kuendelea kutoa, na kundi lisilotaja watu wake linakauka haraka. Hili naliamini sana.

Shanga_Mbili:

Nimesoma yote na nimekubali. Picha ya ndani ni lazima. Kwenye shanga pia tunaonyesha sehemu ya mbele peke yake, na fundo la nyuma ndilo watu wanalouliza kila siku.

Uzi_na_Nta:

Wakuu, sijui niwashukuru vipi. Nimelowanisha kipande cha ile karatasi ya mapambo, na kweli nyuzi zake zinakatiza mgongo. Nimebandika jalada jipya pande zote mbili, nyuzi zikiwa sambamba na mgongo, na limekauka limenyooka kama nilivyotaka. Mchoro wa Mkunja_Pembe nimeuchora, uzi wa ndani kwa mstari uliokatika. Nimeuandika mshono upya na sasa ni mrefu kuliko sehemu nyingine zote, kama inavyostahili. Leseni nitachukua ile ya kutaja jina tu.

Limebaki moja. Nikiweka karatasi nyingi kwenye fungu, ukingo wa mbele hautoki sawa, zile za katikati zinatokeza. Kwenye maelezo niseme zikatwe, au nipunguze karatasi?

Mgongo_Imara:

Hilo linatokana na unene. Kila karatasi ya nje inazunguka zile zilizo ndani yake, kwa hiyo inapoteza urefu kidogo mgongoni, na zile za kati zinabaki zimesogea mbele. Jambo hili ni la zamani kama kitabu chenyewe. Vitabu vya kale vya mafunjo (karatasi ya matete) vilivyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, karibu vyote vimeundwa kwa fungu moja nene lililokunjwa katikati, na kurasa za katikati ni nyembamba kuliko za nje.

Kwa hiyo ukikata, kata baada ya kushona, kamwe si kabla, na ujue kwamba kurasa za kati zitapungua upana. Usipokata, daftari halina ubaya wowote. Ukingo ulioachwa hivyo mimi binafsi naupenda, unaonyesha jinsi lilivyojengwa. Kwa maelezo ya wanaoanza, baki na vipande 8. Kwa unene huo tofauti ni ndogo, wala hawatahitaji kukata. Anayetaka kurasa nyingi atahitaji mafungu kadhaa na mshono mwingine kabisa, wa kuunganisha fungu kwa fungu, na huo uandikie maelezo yake peke yake. Usiuchomeke humu.

Ukimaliza, yaweke hapa pamoja na picha ya ndani. Nitashona kwa kufuata maandishi yako tu, bila kutumia ninachokijua, na nitakuandikia kila mahali nitakaposita.