Ofisi ina AC, mbona ikifika saa nane watu wanasinzia?

MpangaOfisi: Wakuu, chumba ni mita 6 kwa 5, watu 12, AC moja ya ukutani, madirisha yamefungwa kutwa. Mchana miayo na makosa ya hesabu yanazidi. Niongeze AC ya pili?

FundiHewa: Hapana. AC ya ukutani haileti hewa mpya, inapoza na kuzungusha ileile. Mnavuta pumzi za wenzenu. Tafuta kipimo cha hewa ukaa (CO2, gesi tunayoitoa tukipumua) chenye sensa ya NDIR, yaani inayopima gesi kwa mwanga wa infraredi (vile vya bei chee vingi vinakisia tu). Kiweke usawa wa kichwa cha aliyekaa, mbali na dirisha na midomo ya watu. Nje ni kama 420 ppm (sehemu 420 katika kila sehemu milioni za hewa). Ndani ikipita 1,000, hewa haitoshi. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Harvard yaliyochapishwa 2015 yalionyesha uwezo wa kufanya maamuzi ukishuka hewa ukaa ilipofika 1,400.

Dawa ni feni ya kutolea hewa. Lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, mara 12, ni mita za ujazo 432 kwa saa. Chukua ya 600, maana bomba na wavu hula nguvu. Tundu la kuingizia liwe ukuta wa pili, la sivyo feni itavuta harufu ya chooni.

Mama_Ramani: Nakazia hapo kwenye tundu, wengi hulisahau. Kwa sasa fungua madirisha ya pande mbili dakika 10 kila saa. AC iwe 24 au 25, si 18, na chujio lioshwe kila wiki mbili.

MpangaOfisi: Shukrani. Kesho napima.