Kaunta ya jiko: graniti nyeusi au marumaru nyeupe?

Mjenzi_Tegeta: Wakuu, nabadilisha kaunta ya jiko. Urefu mita 3.2, upana sm 60, chini ni zege. Dirisha moja dogo, maji ya kisima yenye chumvi. Nichukue jiwe gani?

fundi_mawe: Marumaru achana nayo mkuu. Ndimu na ukwaju huila, mng'ao unapotea, na doa la manjano halitoki kirahisi. Chukua graniti, ila si nyeusi inayong'aa: kwa maji yako kila tone likikauka litaacha duara jeupe. Kijivu hafifu chenye madoadoa kinaficha hayo na kinaongeza mwanga.

Kona90: Juu ya zege, unene wa mm 20 unatosha. Kona za tundu la sinki zikatwe kwa mviringo. Za mraba ndiko ufa unakoanzia. Ukingo wa mbele utokeze sm 3, na chini yake fundi achonge mfereji mwembamba, la sivyo maji yatarudi hadi kwenye milango ya kabati.

Mjenzi_Tegeta: Na terazo (saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa)?

fundi_mawe: Nafuu, lakini saruji yake nayo inaliwa na ndimu. Kabla ya kulipia graniti, dondoshea maji kwenye kipande, subiri dakika 15. Pakibaki giza, jiwe linanyonya, lazima lipakwe sila (dawa ya kuziba vitundu vya jiwe). Na fundi asiweke madonge ya saruji pembeni tu! Atandaze pote, penye uwazi ndipo litapasuka sufuria ikianguka.