Wajukuu wa Babu: kidude cha kwenye sanduku

Da Rehema: Habari za jioni wote. Kile kidude kilichokuwa chini kabisa ya sanduku la Babu nimekipiga picha. [picha 4] Nataka leo leo tujue ni nini, Jumamosi tunagawana vitu. Kila mtu aseme neno.

Da Rehema: Tiki za buluu naziona. Msome na kujibu.

Hamisi: Taa ya jini hiyo. Usiisugue 😂

Mwanajuma: Mimi naona bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Si lina tangi?

Da Rehema: Hamisi acha utani. Urefu sentimita 15, kioo mbele, juu kimetobolewa tobotobo. Nyuma kuna mkono wa chuma wenye springi.

Kaka Idi: Taa ya reli?

Mjomba Shabani: Si ya reli, ile ina mpini wa kushika na ni kubwa kuliko hiyo. Rehema, weka sumaku ubavuni. Isiponata ni shaba njano, hata kama nje ni nyeupe. Huo weupe ni nikeli iliyopakwa juu.

Mjomba Shabani: Halafu angalia kama chini kuna kikombe kinachofunguka peke yake, na juu yake chumba cha pili chenye kifuniko kidogo cha kujazia na skurubu ndefu inayoshuka katikati.

Da Rehema: Sumaku imenata kwenye springi tu. Vyumba viwili kweli. Skurubu ipo, imeganda. Pembeni kuna vioo vidogo, kimoja chekundu kingine kijani.

Mjomba Shabani: Basi ni taa ya baiskeli ya kabaidi. Ingekuwa ya mafuta ungekuta tangi moja na utambi. Hapo juu ni maji, chini ni mawe ya kabaidi. Skurubu ndiyo inayopima matone. Tone likigusa mawe inatoka gesi ya asetilini, inapita kwenye kichujio cha pamba, inawakia kwenye kidomo nyuma ya kile kioo cha mbele. Springi za nyuma ni za kupunguza mtikisiko wa barabara.

Mwanajuma: Kidomo ndiyo hicho cheupe kama jino lililong'oka?

Mjomba Shabani: Ndicho. Jiwe la sabuni hilo, huvunjika upesi. Kina matundu mawili yanayotazamana ili mwali utoke bapa. Msikichokonoe kwa sindano. Tundu likipanuka, mwali unatoa masizi. Waya uwe mwembamba kuliko tundu.

Da Rehema: Sawa. Sasa thamani yake?

Hamisi: Jini ameshatoka, jina lake Asetilini 😂

Salma: Samahani nimechelewa. Na lile kopo la bati lililokuwa pamoja nayo mbona hamlisemi? Lina vitu vinagongana ndani. Watoto juzi walikuwa wakilitikisa, sasa liko chini ya sinki.

Hamisi: Kayamba la Babu!

Mwanajuma: 😂😂😂 kayamba

Mjomba Shabani: Salma, limefungwa?

Da Rehema: Mjomba, tumalize kwanza la thamani.

Mjomba Shabani: Rehema, ngoja. Salma?

Salma: Limefungwa. Ila linanuka kitunguu saumu.

Hamisi: Kayamba na kachumbari 😂

Mjomba Shabani: Hamisi, nyamaza kidogo. Hiyo ni kabaidi, na kama harufu inatoka, kifuniko kinavuja. Salma, litoe chini ya sinki SASA. Zima jiko kwanza, fungua madirisha. Lipeleke nje, pakavu, kivulini, watoto wasipafikie na mvua isipapige.

Mjomba Shabani: Asetilini inashika moto ikiwa kwenye hewa kuanzia asilimia 2.5 hivi mpaka karibu 80. Gesi ya mtungi wa jikoni inaishia kwenye 10 tu. Kwa hiyo hii, ikivuja, karibu kiasi chochote ni hatari. Msifungue kopo kwa patasi na nyundo, cheche moja inatosha. Msitupe chooni wala kwenye taka. Wapigiwe zimamoto waseme lipelekwe wapi. Likiwaka ni mchanga mkavu, maji hapana.

Salma: Nimelitoa. Liko uani juu ya ukuta.

Kaka Idi: Kwa hiyo ni taa ya BAISKELI.

Kaka Idi: Basi tuulizane na baiskeli iko wapi.

Baba Mdogo Seif: Idi, usianze.

Kaka Idi: Sijaanza, Baba Mdogo, nauliza. Iliondoka siku moja, na sisi tukaambiwa imepelekwa kwa fundi.

Baba Mdogo Seif: Ujumbe huu umefutwa

Hamisi: Nimewahi kuusoma 👀

Da Rehema: Jamani mada ni TAA. Mjomba, niing'arishe ili ipendeze kwenye picha?

Mjomba Shabani: Hapana. Nikeli ni utando mwembamba, dawa ya kung'arishia inaula, utabaki na madoa ya manjano yasiyorudi. Nje ni kitambaa laini, maji vuguvugu na sabuni, ukaushe papo hapo. Lakini kwanza kikombe kifunguliwe kikavu. Ukikuta punje za kijivu ndani, maji yasikaribie kabisa. Ukikuta unga mweupe tu, hiyo ni chokaa, kabaidi imeshakwisha.

Da Rehema: Hakifunguki. Nichukue spana ya bomba?

Mjomba Shabani: Spana itakibonyeza, shaba yenyewe nyembamba. Ni chokaa imeshikana kwenye uzi wa kufungia kikombe. Tia mafuta ya cherehani kuzunguka kiungo, ulaze usiku, kesho funga kipande cha mpira wa tyubu uzungushe kwa mkono. Usipashe moto, viungo vimelehemiwa vitaachia, na hujui ndani kuna nini. Chokaa ikwangue kwa kijiti, uvae miwani, inaunguza macho. Iliyobaki siki iliyozimuliwa, dakika chache. Ukiisahau humo zinki inatoka na shaba inageuka ya waridi.

Da Rehema: Chini kuna herufi. Nimeweka karatasi nikasugua penseli: P & H.

Mjomba Shabani: Powell & Hanmer wa Birmingham. Kabaidi ya viwandani ilianza na tanuri la umeme la Thomas Willson, 1892. Taa hizi zikaenea mwishoni mwa miaka ya 1890, dinamo na betri zikazisukuma pembeni miaka ya 1920 na 1930. Hiyo ni ya katikati hapo.

Hamisi: Jumamosi tuiwashe!

Mjomba Shabani: Kwa mpira ule mkavu wa kuzibia kiungo cha kikombe? Gesi itatoka kwenye kiungo na moto utawaka hapo badala ya kwenye kidomo. Na ukifunga maji haizimiki, mawe yaliyolowa yanaendelea kutoa gesi mpaka yachoke. Watu wanakosea kujaza kikombe tele. Kabaidi haipiti nusu, kwa sababu chokaa inavimba. Na fundi asikubadilishie mrija kwa shaba nyekundu, ikikutana na asetilini inazaa kitu kinacholipuka.

Da Rehema: Basi haiwashwi. Nimeona kuna watu wanazikusanya, tunaweza kuuza tugawane. Nani anakubali? Idi? Salma? Baba Mdogo?

Da Rehema: Mko kimya.

Shangazi Mkubwa: Asalaam alaikum. Nimesomewa yote tangu juu.

Mwanajuma: Shikamoo Shangazi.

Salma: Shikamoo Shangazi.

Shangazi Mkubwa: Marahaba. Taa haiuzwi. Na baiskeli niliiuza mimi, kwa idhini ya babu yenu, alikuwa kitandani. Seif alinipeleka tu sokoni na amebeba maneno yenu miaka yote. Idi, umenielewa?

Kaka Idi: Nimeelewa, Shangazi.

Baba Mdogo Seif: 🙏

Da Rehema: Tumesikia, Shangazi. Basi Jumamosi iko palepale, saa 4. Taa itakaa kwa Shangazi au kwa Mjomba aifungue kwanza? Na kopo, nani anawapigia zimamoto? Salma una watoto, lisilale hapo.

Kaka Idi: 👍

Da Rehema: Idi, dole hilo ni la taa au la kopo?