Mwanagenzi wa bomba aanze na kijiti kipi: E6010, E7018, au E6013 tulichokizoea?

Mwanagenzi_Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina miezi saba ya kuchomelea mageti na madirisha katika karakana moja hapa Tanga, na karibu kazi yangu yote imekuwa ya kijiti cha kuchomelea cha E6013, cha milimita 3.2, juu ya chuma kilicholala. Tangu ilipoamuliwa kwamba bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima litaishia Chongoleani, kila kijana wa mji huu anayeshika mashine ya kuchomelea anazungumzia mabomba, nami sifichi kwamba ni mmoja wao. Nimepata vipande vya bomba la inchi 6 vyenye unene wa milimita 7 na ushee, lakini ushauri ninaopewa unagongana. Fundi mmoja ananiambia nipige pasi ya mzizi, yaani mshono wa kwanza wa ndani kabisa, kwa E6010 kisha nijaze kwa E7018. Mwingine anasema E7018 kitoshe toka mwanzo hadi mwisho. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye karakana, anasema nibaki na E6013 mpaka mkono utulie. Kuhusu kuchomelea kwa kupanda (toka chini kwenda juu) au kwa kushuka, hao watatu hawakubaliani hata kidogo. Naomba ulinganisho wenye sababu, kwa kuwa vipande nilivyonavyo ni vichache na sitaki kuviharibu kwa kubahatisha.

BombaSita_Mombasa

Karibu, ndugu. Tofauti ya vijiti hivi imo katika ganda lililovivika, kwa hiyo tuanzie hapo. Ganda la E6010 lina selulosi nyingi ambayo huungua na kuwa gesi, na gesi hiyo huusukuma moto ndani ya chuma. Dimbwi lake la chuma kilichoyeyuka huganda upesi na slagi yake, yaani uchafu wa ganda unaogandia juu ya mshono, ni nyembamba, ndiyo maana kinaweza kupita katika nafasi iliyo wazi kati ya mabomba mawili bila chuma kudondoka. E7018 kina ganda la chokaa lenye unga wa chuma na haidrojeni kidogo sana, kinatoa chuma kisichopasuka kwa urahisi na sura ya kupendeza, ila dimbwi lake ni zito na slagi yake ni nene. E6013 kina moto mpole usiopenya sana. Kwenye geti upole huo ni neema, lakini kwenye mzizi wa bomba slagi hukimbilia ndani ya nafasi kabla chuma hakijafika, nawe juu unaona mshono mzuri huku ndani kingo mbili hazijaungana.

Kwa sababu hiyo ningeanza na E6010 kwenye mzizi. Chonga kila ukingo mshazari wa nyuzi 30 hadi 37, acha uso butu wa milimita 2 hadi 3, tenganisha mabomba kwa milimita 3 hivi, kisha piga taki nne, yaani vishono vidogo vya kushikiza. Kila taki isagwe kwa grenda ncha zote mbili hadi iwe nyembamba kama ukucha, na taki yoyote isikae chini kabisa, mahali utakapoanzia. Kwa kijiti cha milimita 3.2 jaribu ampea 75 hadi 90. Ukiwasha na kutulia sekunde moja utaona kitundu kikifunguka mbele ya dimbwi, mviringo juu na kimebana chini kama tundu la kufuli, na kazi yote ya pasi ya mzizi ni kukichunga kitundu hicho kisizidi wala kisipungue. Ncha ya kijiti inaruka mbele kidogo, inarudi kwenye dimbwi, inatulia, inaruka tena. Kitundu kikipanuka, ruka mbele zaidi ili chuma kipoe. Kikianza kufumba, fupisha moto na ukisukume kijiti ndani. Sikio nalo linasaidia: moto ukipita sawasawa utausikia ukivuma ndani ya bomba, na uvumi ukikatika ujue unachomelea juu ya uso tu.

Kuhusu mwelekeo, kushuka ni desturi ya mabomba marefu ya nchi kavu, ambako kasi ndiyo inayotafutwa, na kupanda ni desturi ya viwanda na mitambo. Cheti cha mtihani wa kupanda hakikupi ruhusa ya kushuka, kwa hiyo mwelekeo huchaguliwa kwa kuangalia kazi unayoitafuta. E7018 cha kawaida hakishuki kamwe, kwa kuwa slagi yake hulitangulia dimbwi.

Jambo moja dogo ambalo limewahi kunichekesha: vitabu vya wenzetu hutaja sehemu za bomba kwa namba za uso wa saa, sita ikiwa chini na kumi na mbili ikiwa juu. Usizisome kwa saa zetu za Kiswahili, la sivyo utaanzia utosini mahali ulipotakiwa kuanzia chini.

Mpemba_Sohar

Assalaam aleikum. Maelezo ya ndugu BombaSita kuhusu kitundu sina la kuyaongeza, lakini kwa heshima natofautiana naye juu ya mahali pa kuanzia. Katika mitambo niliyofanyia kazi huku Oman, pasi ya mzizi mara nyingi hupigwa kwa mashine ya gesi ya argoni na bomba lote linalobaki hujazwa kwa E7018 kwa kupanda. Fundi anayekuja akiwa hodari wa E6010 tu hukaa akitazama, ilhali anayekijua E7018 hupewa kishikio siku ileile. Ukipima chuma kilichomo katika kiungo kimoja, mzizi ni sehemu ndogo; kujaza na kufunika ndiko kunakokula vijiti na muda, na ndiko mkaguzi anakotazama kwanza kwa jicho.

E7018 kina adabu zake mbili. Ya kwanza ni kwamba moto lazima uwe mfupi kiasi kwamba ganda linakaribia kugusa dimbwi, kwa sababu moto mrefu huingiza hewa na kuacha vitundu. Kwa hiyo unapoanza kijiti kipya, washa sentimita moja au mbili mbele ya mahali ulipoishia, rudi nyuma upesi hadi kwenye shimo la mwisho, kisha endelea mbele ukiyeyusha tena pale ulipowashia. Ya pili ni ukavu. Kopo likishafunguliwa, vijiti hukaa katika tanuri dogo la nyuzi 120 hadi 150, na vikikaa nje kwa saa nne virudishwe motoni au viachwe. Tanga na Pemba hewa ni ya bahari, kwa hiyo kopo lililokaa wazi dukani kwa mwezi mzima halina tofauti na vijiti vilivyonyeshewa.

Ila tanuri hilo si la E6010. Nilipokuwa mgeni wa kazi, niliwahi kuvilaza vijiti vya aina zote mbili humo usiku mmoja nikidhani ninafanya hisani. Asubuhi msimamizi aliwasha E6010 kimoja, moto ukawa unatapika cheche bila kusukuma, akanitazama, akalitupa fungu zima pipani. Ganda la selulosi linahitaji unyevu kiasi ili lifanye kazi, na nilikuwa nimeukausha wote.

Mzee_wa_Grenda

Mnabishana vijiti, na hakuna aliyemwuliza kijana ana mashine gani. Mashine nyingi za karakana zetu, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi huko Tanga, ni zile za kienyeji zilizosukwa waya ndani ya sanduku la bati, nazo hutoa mkondo geu (AC). E6010 kimetengenezwa kwa mkondo mnyoofu (DC), kishikio kikiwa upande wa chanya. Kwenye mkondo geu kitawaka na kuzimika mpaka ukichukie. Inveta ndogo, yaani mashine nyepesi ya kielektroniki, inatoa mkondo mnyoofu, lakini nyingi hazina nguvu ya kuushikilia moto unaporuka mbele na kurudi, hivyo kila ukiruka moto unakatika. Ikiwa mashine ni ya kienyeji, tumia E6011, ambacho ni ndugu yake E6010 aliyekubali mkondo geu. Inveta ndogo kwa kawaida hukiwasha E7018 bila ugomvi.

Mwenye karakana asidharauliwe. E6013 hakifai kwenye mzizi wa bomba la shinikizo, na hapo nakubaliana nanyi, lakini wiki moja ya kuzungusha mkono kwenye bomba kwa kijiti rahisi, juu ya bomba zima lisilokatwa, inafundisha jambo ambalo bamba halifundishi kabisa: kwamba pembe ya kijiti lazima ibadilike kila sentimita chache, na kwamba mwili ndio unaosogea, mkono unafuata tu. Kabla ya kuwasha, zungusha kijiti kikavu toka chini hadi juu ukiwa umejifunika uso. Kiwiko kikikwama njiani, badilisha unavyosimama au egemeza kiwiko kwenye stendi. Wengi wanaosema mkono unatetemeka, ukiwatazama, wamening'inia hewani.

Usikae mno kwenye bomba la kuzungushwa. Linakupa mshono mzuri kwa kuwa kila mara unachomelea juu, na unajidanganya. Lifunge lilale bila kuzunguka, uanze chini, uchomelee upande mmoja kwa kupanda hadi juu, kisha upande wa pili. Lile bomba lililoinamishwa nyuzi 45 ambalo watahini hulipenda lisubiri.

Na vipande ulivyopata, hakikisha si mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na baridi kali usiku, na maziwa tunayokunywa karakanani hayazuii lolote. Sagia zinki yote sentimita kadhaa kutoka ukingoni, tena mahali penye upepo. Bomba lililowahi kubeba mafuta au petroli usiliguse kabisa kwa moto.

BombaSita_Mombasa

Shikamoo, mzee. Nakiri kwamba nilijibu kana kwamba kila mtu ana mashine ya dizeli niliyozoea. E6011 ni jibu sahihi kwa karakana ya kijana, na mwendo wa kuruka na kutulia ni uleule, hivyo siku atakayokutana na E6010 hatajifunza upya. Kwa ndugu wa Sohar, hoja yako nimeipokea, lakini argoni haimo katika karakana ya mageti, na anayeanza na kujaza bila kuujua mzizi hujaza juu ya kasoro asizoziona.

Mpemba_Sohar

Mzizi wake mbovu ataukata kwa grenda na kuuona. Uvivu wa mkono kwenye E7018 hauonekani mpaka picha ya eksirei irudi.

Mwanagenzi_Tanga

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Mashine ya karakana ni ya kienyeji, kama mzee alivyokisia, na jirani ameniazima inveta. Nilijaribu E6010 viwili kwenye inveta, vikazimika kila nilipovuta mbele. Basi mzizi nimeupiga kwa E6011 cha milimita 3.2 kwenye mashine ya kienyeji, nikajaza na kufunika kwa E7018 cha milimita 2.5 kwenye inveta, kwa kupanda, bomba likiwa limelala bila kuzunguka. Vijiti vya E7018 vilitoka kwenye kopo lililofunguliwa asubuhi hiyohiyo.

Jana nilikata vipande vinne, vya juu, chini na pembeni mbili, nikavisaga na kuvipinda kwenye jiliwa, mzizi ukiwa nje. Cha juu na vya pembeni vimepinda kama herufi U bila kufunguka. Cha chini kilifunguka karibu milimita 5, na kwa kipimo cha milimita 3 ambacho mitihani hutumia nimeshindwa. Nilipokitazama, ukingo mmoja ulikuwa bado na mistari ya grenda, haujayeyuka kabisa.

BombaSita_Mombasa

Taki moja uliiweka chini kabisa?

Mwanagenzi_Tanga

Ndiyo, na sikuisaga vya kutosha. Niliona bomba linacheza, nikaogopa itakatika.

Mzee_wa_Grenda

Bomba likicheza, tatizo ni namna ulivyolifunga. Taki zako weka kati ya chini na pembeni, na kati ya pembeni na juu, ili sehemu ya kuanzia ibaki wazi. Washa sentimita moja ng'ambo ya katikati, upande ambao hutauchomelea kwanza, uivuke katikati ukiwa tayari na kitundu kilichofunguka. Hapo baadaye utasaga mwanzo huo uwe mteremko, na upande wa pili utauchukua kutoka hapo.

Mwanagenzi_Tanga

Nimebakiwa na vipande vya kutosha viungo viwili. Jumamosi nitafunga kimoja kwenye pembe ya chuma ili kisicheze, na nitaleta picha ya kipande cha chini peke yake.