Huyu mkwe kaniacha nje ya ndoa ya mwanetu nimlelee mtoto!!!

ShangaziWaTanga: Wakuu, hata kilemba sijavua. Yule mama mnamjua. Yule wa hapa Utah, anayecheka meno yote nje huku anakukanyaga. Ndiye mkwe wetu sasa, mtoto wa kaka yangu kamuoa bintiye leo asubuhi.

Nimetoka Tanga na begi zima la vitenge na udi. Tumefika kwenye hekalu la Wamormoni, kanishika bega: shangazi, huna kibali cha kanisa, huingii. Haya, nikakaa pale wanapongojea wasio waumini. Kumbe bado. AKANIPA MTOTO! Mjukuu wake, na mfuko wa nepi juu! "Nishikie, si wewe huna kazi?" Mimi! Ndoa gani duniani shangazi hana kazi?

Jana niliomba nusu saa tu na bibi harusi nimfunde. Kakataa, eti askofu ameshaongea nao. Askofu mwenyewe wa kujitolea tu, kazi yake ni kuuza bima! Kamuuliza binti kama ni msafi, kampa kibali, basi. Usiku huu watatazamana kama abiria wa daladala.

Wenzangu wanatoka wanapigwa picha na maua, mimi gauni la dhahabu lina cheuo begani. Nepi, wakuu. Eti huna kazi!

Kipanga_Provo: Bila picha ya cheuo hii ni chai.

MamaNtilie: Chai itoke wapi, kwao marufuku 😂

MzeeWaKata: Dada, punguza povu. Tangu Mei 2019 kanisa limeruhusu: mnafunga ndoa ya kiserikali ukoo wote ukiwepo, halafu maharusi wanaingia hekaluni kuunganishwa, yaani ndoa ya milele, hata siku hiyohiyo. Zamani hapa Marekani ukianza na ya kiserikali unasubiri mwaka mzima. Mkwe wenu kaamua mwenyewe.

ShangaziWaTanga: Kumbe aliweza, na bado akanipa nepi????

BiMdogo: Wewe nepi zako zimeisha leo. Mimi nimeolewa na mgane. Kaunganishwa na marehemu milele, na mimi pia milele. Mitala walitangaza kuiacha 1890, lakini mbinguni nakwenda kukuta mke mwenza kashakalia kochi. Na mume akitangulia kufa, mimi siunganishwi na mwingine mpaka nifutiwe huyu. Yeye hakufutiwa mtu!

Kipanga_Provo: Marehemu umemkuta, heshimu foleni.

BiMdogo: Kipanga, nenda kaoe kwanza, miaka yote uko kwenye kata ya vijana, ule usharika wa wasiooa, unamaliza keki.

Ndevu_Zangu: Afadhali nyie mna wenzi. Mimi kwenye chuo cha kanisa nimeambiwa ninyoe ndevu au nisifanye mtihani. Brigham Young, rais wa zamani wa kanisa, alikuwa na ndevu na wake zaidi ya 50, mimi nakosa vyote!

MamaNtilie: 😂😂 Tafuta cheti cha daktari wa ngozi, wanakubali.

Ndevu_Zangu: Daktari yupi? Njoo inbox haraka.

ShangaziWaTanga: Jamani turudi kwenye nepi. Mama yule sasa hivi kanitumia ujumbe, anauliza chupa ya mtoto niliiacha wapi!

Kipanga_Provo: Chupa atanunua nyingine. Ndevu, upara nao unahitaji cheti?

MzeeWaKata: Nauza gari, Sienna ya 2014, viti vinane, ipo West Valley. Haina mgogoro.

BiMdogo: Mzee, bei?