Binamu kajeruhi kongoni hatukumpata, sasa anataka kurudi kupiga mwingine kwa kibali kilekile. Nifanyeje?

Mkazi wa Uyole:

Kwema wakuu? Naombeni ushauri, hasa kwa wanaolijua pori. Wenye kejeli nao wapite, ila waje na hoja.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Uyole, Mbeya. Kiangazi kikifika, mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tunakata kibali cha uwindaji wa wenyeji na kuingia mapori ya upande wa Chunya. Safari hii tuliruhusiwa swala pala wawili na kongoni dume mmoja. Bunduki ni ya binamu, imesajiliwa, karatasi zote zipo, kwa hiyo msinianzishie habari za ujangili.

Swala hawakutusumbua. Kongoni ndiye aliyeleta maneno. Jua lilikuwa limeshazama, kundi linakatiza mbele yetu, mbali kidogo. Nikamwambia binamu tuache, kesho ipo. Akajibu kesho ni ya Mungu, akapiga. Mnyama akakunja mgongo kama aliyeshikwa na tumbo, akaondoka na wenzake. Pale aliposimama tulikuta damu nyeusi na vipande vya majani yaliyotafunwa. Giza likatufunga. Kuingia porini usiku na tochi na bunduki sote tunajua ni kosa, tukarudi kambini.

Alfajiri tulifuata nyayo na matone mpaka kwenye mpaka wa pori la akiba. Mzee wa kijiji anayetuongoza akakaa chini. Akasema, "Wanangu, mwisho wetu hapa. Humo ukikutwa na bunduki, hakuna atakayekuuliza ulikuwa unamtafuta nani."

Sasa tunarudi, kongoni mwingine huyu hapa juu ya kichuguu, karibu, ametulia anatutazama. Binamu akainua bunduki. Nikashika mtutu. Tangu hapo salamu zetu ni za kuitikia tu.

Hoja zake ni hizi. Kibali kinasema kongoni mmoja, na kongoni mkononi hatuna. Yule huenda amepona, nani amemwona akifa? Hela imelipwa. Tena ameshawaahidi wazee nyama kwa ajili ya send-off ya mdogo wetu. Muda wa kibali haujaisha, kwa hiyo anataka turudi wikiendi, na safari hii tukae kwenye kidimbwi cha mwisho kilichobaki na maji, maana vijito vyote vimekauka na kila mnyama lazima aje pale.

Mimi moyo unaniambia yule kongoni alikuwa wetu tangu risasi ilipomwingia, na nafasi ya kongoni kwenye kibali imekwisha. Lakini binamu ni mkubwa kwangu, bunduki ni yake, na sehemu kubwa ya hela katoa yeye. Namzuia kwa mamlaka gani? Na je, niende kwa afisa wanyamapori nikaseme, au huko ni kumchoma ndugu?

Mchimbaji wa Makongolosi:

Damu nyeusi pamoja na majani yaliyotafunwa, hiyo ni tumbo, na pengine ini limeguswa. Kule kukunja mgongo ndiyo dalili yenyewe. Angepigwa mapafu mngeona damu nyekundu mpauko yenye povu, na mngemkuta amelala si mbali. Wa tumbo anatembea. Anaweza kumaliza saa nyingi, hata usiku mzima, akilala na kuinuka, na kila mkimsogelea anaongeza mwendo. Kwa hiyo kulala kambini na kufuata asubuhi hamkukosea, hata mngekuwa na ruhusa ya usiku ndivyo mngefanya. Ila mwambie binamu hilo la "huenda amepona" aliweke pembeni. Risasi ya tumbo haiponi porini. Kama fisi hawakumkuta usiku ule, walimkuta siku iliyofuata.

Ninalotaka kuuliza mimi ni jingine. Mlijuaje ni dume? Swala pala hakuna ubishi, mwenye pembe ni dume. Kongoni dume na jike wote wana pembe. Lazima umtazame vizuri, unene wa shina la pembe, shingo, na chini kule. Jua limezama, kundi linatembea, umbali wa kutosha, aliona nini? Na mwisho huu wa kiangazi ndipo kongoni wa miombo wanapozaa. Kuna ndama wamelazwa kwenye nyasi saa hizi.

Ndizi Tukuyu:

Kumbe Chunya mna dhahabu na kongoni juu. Sisi huku ni mvua na ndizi tu. Nakaa pale, naendelea kusoma.

Kamwene Mwana wa Ilembula:

Mimi nitakuwa upande wa binamu, mnisamehe. Naona mnamhukumu mtu kwa sheria za moyo wakati serikali ina sheria za karatasi. Aliomba kongoni, akalipa kongoni, hajala kongoni. Mbona mkulima akimwekea nguruwe pori sumu hakuna anayefungua uzi?

Na hiyo ya kuvizia kwenye maji mnaiona dhambi kwa sababu gani? Mtu anayewinda kwa ajili ya nyama anataka mnyama awe karibu, ametulia, amegeuka ubavu. Hapo risasi inaenda inapotakiwa, kongoni anaanguka palepale. Hiki kilichowapata kimetokana na kupiga mbali gizani, hakikutokana na kuvizia. Haya mambo ya kumpa mnyama nafasi ni ya wazungu wanaotoka kwao wameshiba, wanatafuta pembe za kuning'iniza sebuleni. Simba anavizia kwenye maji kila siku na hakuna anayemwita mwoga.

Ila kwa kupiga jua limezama, binamu alizingua. Hilo simtetei.

Mbali na Mbalizi:

Ndugu wa Ilembula, mimi niko Marekani, Wisconsin, na huku msimu wa ayala wa mkia mweupe ukifika hata ofisini watu wanapungua. Mabishano yenu ni yaleyale ninayosikia huku, na wengi wanaobishana wanajaza friji la nyama, si wa pembe za sebuleni.

Kuna klabu ya wawindaji inaitwa Boone and Crockett, Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa huku, na wenzake waliianzisha mwaka 1887 wakati wanyama wa Marekani walikuwa wanakwisha kwa kupigwa ovyo. Msimamo wao ni kwamba mnyama awe huru, na mwindaji asijipe faida isiyo ya haki juu yake. Ukisikia hivyo unaona ni rahisi, lakini mpaka leo hawajamaliza kugombana. Texas mtu anaruhusiwa kuweka kwenye shamba lake mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu, ayala wanazoea kama kuku, mwenyewe yuko kwenye kibanda anasubiri. Kuna na mashamba yaliyozungushiwa uzio mrefu ambao ayala hawezi kuuruka. Majimbo mengine chambo ni marufuku, na sababu mojawapo wala si huruma: kuna ugonjwa unaowakondesha ayala mpaka wanakufa, na wakikusanyika kula sehemu moja wanaambukizana.

Kwa hiyo kuvizia kwenye maji naweza kukuelewa, kongoni anayo njia ya kutoka. Ila kidimbwi cha mwisho kiangazi si sawa na mti wenye matunda. Kwenye matunda akikuhofia anaenda mti mwingine. Pale akikuhofia anakaa na kiu, yeye na tandala na ngiri na kila aliyekuwa anakuja.

Kuhusu aliyejeruhiwa: wanaopeleka wageni kuwinda, wengi huku wanakwambia mapema, ukitoa damu umemaliza. Umpate, usimpate, ndiye wako. Na majimbo mengi yanaruhusu mbwa aliyefungwa kamba aje kunusa damu, ili tu mnyama asipotee.

Huyo Roosevelt mwenyewe mwaka 1902 kule Mississippi waliomwandalia safari walimfungia dubu kwenye mti ili apige. Akakataa. Kisa hicho ndicho kilichozaa ile midoli ya dubu ya watoto. Kinachosahauliwa ni kwamba dubu alikuwa ameshaumizwa, na Roosevelt akaagiza wengine wamuue asiendelee kuteseka. Mikono yake ikabaki safi, dubu akafa vilevile. Sijui kama namsifu au namlaumu.

Kamwene Mwana wa Ilembula:

Hapo kwenye kiu umenipata kidogo. Kidogo tu.

Mama Neema wa Forest:

Nyie wanaume mnazunguka mbuyu. Send-off ni ya binti, hakuomba kongoni. Nunueni mbuzi, pilau ipikwe, watu wacheze waende nyumbani. Nyama ya porini yenyewe kavu, mpishi asipoijua inakuwa kama kamba.

Halafu mwambie binamu aangalie. Send-off za siku hizi ni kadi na michango. Nyama ya kibali ni ya kula kwenu, kuuza ni jambo jingine, mabucha ya nyamapori yana leseni yao. Akitokea mtu na roho yake mbaya akasema watu wamechanga hela wakalishwa kongoni, mtajieleza kituoni na suti zenu.

Ustadhi Kando ya Reli:

Assalam alaykum. Niongezee upande ambao haujaguswa, maana kwenye shughuli hiyo waalikwa Waislamu hawatakosekana. Mwindaji Mwislamu anataja jina la Mwenyezi Mungu anapopiga. Akimkuta mnyama yuko hai anamchinja. Adiy bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume kuhusu mnyama aliyepotea baada ya kupigwa. Jibu alilopewa ni kwamba ukimkuta baada ya siku na huoni alama nyingine ila ya mshale wako, unaweza kumla ukitaka, lakini ukimkuta ameanguka majini usile, kwa sababu hujui kilichomuua. Mnaona pale aliyepotea anatafutwa. Mwenye mshale hakuambiwa apige mwingine wa kufidia.

Kwa huyo wenu, hata mngemkuta siku ya pili fisi wamemfikia, isingekuwa nyama ya kumpa mtu.

Mkazi wa Uyole:

Asanteni sana. Swali la Makongolosi limeninyima usingizi. Nimempigia simu yule mzee wa kijiji, nikamuuliza kama aliona ni dume. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliona kongoni." Binamu anaapa ni dume.

Ustadhi, binamu si Mwislamu, ila shemeji zetu watarajiwa ni Waislamu, kwa hiyo umenisaidia kuliko unavyodhani. Mama Neema, hoja ya mbuzi nimeipeleka kwa shangazi, ameipokea kwa mikono miwili.

Bado nimekwama kwenye kuripoti.

Askari Mstaafu Rungwa:

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimefanya kazi ya wanyamapori mpaka nimezeeka.

Kwenye uwindaji wa kitalii hapa nchini, mgeni akijeruhi mnyama akapotea, anahesabiwa na analipiwa kama aliyeuawa. Hapo hatubishani na mtu mwenye dola. Sasa mwenyeji aliyelipa kwa shilingi awe na haki ya kupiga mpaka apate? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka aliyejeruhi afanye kila analoweza kummaliza mnyama wake, na akiwa mnyama wa hatari kama nyati au chui asipompata atoe taarifa haraka, kwa sababu kesho mwanakijiji anayekata kuni ndiye atakayekutana naye. Kongoni hatakuua. Lakini hesabu ya wanyama wa kibali inatokana na wangapi wanatoka porini. Ukimficha mmoja kila kibali, ile hesabu inakuwa ya uongo, na mwaka unaofuata wanagawa wanyama ambao hawapo.

Kuhusu mpaka: mlifanya vizuri kusimama. Ila mlipaswa kutoka pale mpaka kituo cha askari kilicho karibu mkaeleza. Askari wana haki ya kuingia, mngeweza kuongozana nao, na yule mnyama asingeachwa hivyohivyo. Nimekwenda na wawindaji wa namna hiyo zaidi ya mara moja na hakuna aliyefungwa. Anayetiliwa shaka ni yule ambaye damu ya mnyama wake inagunduliwa na doria.

Kumchoma ndugu ni kwenda peke yako nyuma ya mgongo wake. Nenda kwake kwanza. Mwambie kibali mnakirudisha na mnaandika wazi, kongoni mmoja alijeruhiwa, hakupatikana, nyayo zimeishia mpakani. Mwende wote wawili. Akikataa, mwambie usoni kwamba wewe unakwenda, na siku gani.

La kidimbwi: kabla hamjaweka makalio pale muulizeni afisa masharti ya umbali kutoka kwenye maji. Nina wasiwasi jibu litamaliza ubishi wenu na wa Ilembula.

Kamwene Mwana wa Ilembula:

Mzee shikamoo. Mimi nimeshakaa chini.

Mchimbaji wa Makongolosi:

Nyongeza kwa mleta uzi: mkikata kibali tena, kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani nani anasema "usipige". Kwenye kundi letu ni yule asiyeshika bunduki, awe mdogo au mkubwa. Mwenye bunduki damu inachemka, hasikii.

Mkazi wa Uyole:

Nimetoka kwa binamu sasa hivi. Alifoka kwanza, akasema nimegeuka mchungaji. Nikamsomea maneno ya mzee wa Rungwa kutoka kwenye simu, yote. Akauliza, "Huyo askari anajua bei ya kibali?" Nikamwambia anaijua. Amekubali twende Jumatatu, kwa sharti kwamba maelezo atayaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kwamba mimi ndiye nitakayelipa mbuzi.

Mama Neema wa Forest:

Wangapi? Nina dada yangu Mbarali anauza.